Kwanza hadi Mombasa: hesabu inayoanzia mlangoni

Chukua ramani ya Kenya, uweke rula kutoka uwanja wa ndege wa Eldoret hadi uwanja wa Moi ulioko Mombasa. Rula itapita Nairobi, pale pale ulipo uwanja wa Jomo Kenyatta. Eldoret hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka ni kilomita 268. Nairobi hadi Mombasa ni 422. Ukiiruka Nairobi, ukachora mstari mmoja toka mwanzo hadi mwisho, unapata kilomita 690, jumla ile ile. Kutoka uwanja mdogo wa Kitale mambo ni hayo hayo: moja kwa moja ni kama kilomita 756, na ukipitia uwanja wa Wilson, ule mwingine wa Nairobi, ni kama 758.

Kwa miaka mingi nimesikia watu wakisema, na mimi mwenyewe nimesema, kwamba mtu wa Trans Nzoia, kama sisi wa Kwanza, anayekwenda Pwani kwa ndege huzungushwa Nairobi. Ramani inakataa. Nairobi iko njiani. Kinachomla msafiri wa Kwanza ni saa anazokaa ardhini: kabla ya ndege ya kwanza, katikati ya ndege mbili, na baada ya ile ya pili. Hizo hazionekani kwenye simu unapoandika majina ya viwanja viwili ukataka kujua umbali na muda.

Hesabu hii ilinilazimu pale ndugu yangu anayefanya kazi bandarini alipopata mtoto, na mama, ambaye hapa bomani sote tunamwita kukhu kwa ajili ya wajukuu, akaamua kwenda kumwona. Ana miaka sabini na kitu. Miguu humvimba akikaa sana. Hajawahi kupanda ndege.

"Mjukuu ameangalia kwenye simu, anasema angani ni mwendo wa saa mbili tu," aliniambia. "Wewe unaniambia nitoke kwangu alfajiri nifike alasiri. Nimwamini nani?"

"Mama, utuamini wote wawili. Simu imehesabu kutoka uwanja hadi uwanja. Mimi nimehesabu kutoka mlango wako hadi mlango wa mwanao."

Akanyamaza kidogo. "Basi nihesabie na pesa."

Nikakaa chini na daftari. Ninayoyaandika hapa ni hesabu ya daftari hilo, kwa nauli tulizoulizia na kuzilipa sisi wenyewe. Nauli hupanda na kushuka. Zichukue kama vipimo vya kulinganishia njia na njia, halafu uulize upya siku utakayosafiri.

Tuanze na kipande ambacho hakuna tiketi inayokitaja. Kwetu ni Kwanza ndani, mbali kidogo na lami. Kutoka bomani hadi steji ni bodaboda, na kutoka steji hadi Kitale ni matatu. Mnamo Januari, vumbi likiwa limetulia, nafika Kitale kwa dakika arobaini. Mwezi wa Aprili, mvua ikishanyesha usiku na matrekta yakishachimbua njia, naweka saa nzima na nusu, wala sijioni mwoga. Mtu anayeishi kando ya lami atacheka hesabu hii. Ila tiketi ya ndege haimngoji mtu wa ndani kwa sababu tope lilikuwa jingi.

Kitale kuna uwanja wa ndege, na ndio ulio karibu nasi. Uko juu, kama mita 1,850 toka usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia haifiki kilomita moja na nusu. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Hewa ya juu ni nyepesi, ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka, na jua la mchana huongeza tabu hiyo. Ndiyo maana zinazotua Kitale ni ndege za mapangaboi zenye viti vichache, wala usitarajie jeti kubwa. Skyward Express imekuwa ikiunganisha Kitale na Wilson, mwendo wa saa moja hivi. Daftarini niliandika nauli ya shilingi 7,500 kwenda tu. Ndege zikiwa chache, nauli nayo haina mpinzani wa kuishusha, na ikiahirishwa moja hakuna nyingine inayofuata baada ya saa mbili.

Kwa mtu ambaye safari yake inaishia Nairobi, nasema bila kusita kwamba Kitale inashinda. Hasa mgonjwa. Wilson iko barabara ya Lang'ata, kilomita chache tu kutoka Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mgonjwa aliyetoka Kwanza saa moja asubuhi anaweza kuwa mbele ya daktari kabla ya saa saba mchana, bila kurushwarushwa kilomita 380 za barabara. Nimeona familia zikichanga pesa za mafuta na za kukodi gari dogo la kumpeleka mzee Nairobi, dereva pamoja na wasindikizaji wawili, halafu jumla ikapita bei ya viti viwili vya ndege. Kabla hamjachanga, ulizeni nauli ya Kitale.

Lakini mama alikuwa akienda Mombasa, na hapo Wilson inageuka kuwa mlango usiofaa. Ndege nyingi za Mombasa huondokea Jomo Kenyatta. Kati ya viwanja hivyo viwili ni kilomita kama kumi na tatu kwa mstari, na barabarani ni zaidi kidogo. Siku njema, ni dakika thelathini. Siku mbaya sipendi kuikumbuka, ila nitaisimulia kwa sababu ilinifunza.

Nilikuwa nimenunua tiketi mbili mbali mbali kwa kampuni mbili, moja ya kunileta Nairobi na nyingine ya kunipeleka Pwani, nikiwa nimeacha mwanya wa saa mbili na nusu. Ya kwanza ilichelewa dakika hamsini kwa sababu ya ukungu. Teksi ikakwama kwenye jam. Nilipofika dirishani, orodha ya abiria ilikuwa imefungwa dakika kumi zilizopita. Msichana wa pale aliniambia kwa upole, "Pole baba, lakini kampuni haijui kama ulikuwa na ndege nyingine." Na kweli hawakujua. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali ni safari mbili machoni pa kampuni. Ya kwanza ikichelewa, hasara ya pili ni yako. Nililipa karibu bei ya tiketi mpya na nikalala kwenye kiti.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia anaunganisha Wilson na Jomo Kenyatta, namwambia aache mwanya wa saa nne. Ukiweka saa hizo nne, na teksi ya shilingi 1,500, na nauli ya 7,000 ya kipande cha pili, njia ya Kitale hadi Mombasa inafika kama shilingi 16,700 na zaidi ya saa kumi mlango hadi mlango. Uwanja ulio karibu zaidi na nyumbani umekuwa ghali zaidi na haujaokoa muda.

Njia hiyo ya Kitale ina faida moja isiyojulikana na wengi huku kwetu. Kutoka Wilson kuna ndege zinazotua Ukunda, kusini mwa Likoni. Kama unayemwendea anakaa Diani, Ukunda au Msambweni, achana na uwanja wa Mombasa kabisa. Unatua ng'ambo ya kivuko tayari, na ile foleni ya Likoni inabaki kuwa ya wengine. Kwa safari hiyo, Kitale hadi Wilson hadi Ukunda, ndani ya uwanja mmoja bila teksi, ndiyo njia ningemchagulia hata mama.

Sasa Eldoret. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1997, kilomita kama 16 kusini mwa mji kwenye barabara ya Kapsabet. Njia yake ya kurukia ni ya kilomita tatu na nusu, ya kupokea ndege kubwa za mizigo, nazo huja kweli zikileta bidhaa kutoka nchi za Ghuba. Jina lake ni uwanja wa kimataifa, na jina hilo limewapoteza wengi. Kijana wa jirani alidhani atapanda pale moja kwa moja hadi Dubai, kwa kuwa alisikia ndege za Dubai hutua. Zinatua, lakini kilichomo ndani ni simu, nguo na vipuri. Abiria huenda Nairobi kwanza.

Kutoka Kwanza hadi uwanjani ni zaidi ya kilomita mia moja: Kitale, Moi's Bridge, Matunda, Soy, Eldoret mjini, kisha nje tena upande wa pili. Kwa matatu ni magari matatu na mwendo wa saa tatu, maana Eldoret mjini lazima ushuke, uvuke na mizigo yako, utafute gari jingine au teksi. Kukodi gari kutoka nyumbani hadi uwanjani niliambiwa kati ya 6,000 na 8,000. Kwa mtu mmoja ni nyingi. Kwa familia ya watu wanne, gawanya, utaona si kichaa.

Faida ya Eldoret ni kwamba ndege ya Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, hutua Jomo Kenyatta penyewe, na ya kwenda Mombasa huondoka hapo hapo. Kipande cha kwanza ni kama dakika hamsini, cha pili kama saa moja. Ukinunua safari nzima kwa tiketi moja yenye namba moja, ya kwanza ikichelewa ni jukumu la kampuni kukuhamishia ndege inayofuata. Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya kulipa, kwa maneno haya haya: je, hii ni tiketi moja mpaka mwisho? Jibu likiwa si ndiyo kamili, hesabu mwanya wako upya. Nilipata viti vyote viwili kwa shilingi 14,000, nikiwa nimenunua wiki tano kabla. Ukiongeza matatu, teksi ya Eldoret na usafiri wa Mombasa, jumla ilikuwa 15,500. Muda, mlango hadi mlango, saa kumi kasoro.

Upande wa pili wa daftari niliandika basi na gari moshi. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa Juni 2017, kilomita 472 kutoka Syokimau hadi Miritini. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda Januari 2024 kutoka 1,000 hadi 1,500, na daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Watu wengi walilalamika, nami nilikuwa mmoja wao, lakini hata kwa bei hiyo sijaona kitu kingine kinachokupeleka Pwani umekaa, umenyoosha miguu, ukitazama Tsavo dirishani, kwa mwendo wa saa tano au sita.

Namna ya kuiunganisha na Kitale ni hii. Unatoka Kwanza jioni, saa kumi na mbili. Basi la usiku linaondoka Kitale saa mbili au saa tatu, linaingia Nairobi alfajiri, saa kumi au saa kumi na moja. Unanawa uso, unakunywa chai, unaenda Syokimau na kuwa pale angalau saa moja kabla, maana mizigo hukaguliwa na mbwa kisha mashine, na jina la tiketi lazima lilingane na kitambulisho. Treni ya asubuhi inaondoka saa mbili. Alasiri uko Miritini, na Miritini siyo Mombasa mjini. Panda matatu tena. Nauli zote pamoja na chakula zilinipa shilingi 3,800. Muda ni saa 21.

Kuna pia basi la moja kwa moja, Kitale hadi Mombasa, na wapo wanaolipenda kwa sababu mzigo hauguswi njiani. Utaokoa shilingi mia tano hivi na labda saa moja, ukilipa kwa mgongo. Silipendekezi kwa yeyote mwenye chaguo jingine.

Kwa hiyo tofauti kati ya ndege ya Eldoret na basi pamoja na treni ni shilingi 11,700, na muda unaookolewa ni saa kumi na moja. Kila saa inakugharimu kama shilingi elfu moja na kidogo. Je, hiyo ni ghali? Huku kwetu kibarua wa kupalilia hulipwa mia tatu, mia nne, akibahatika mia tano kwa siku. Saa moja ya kuokoa safarini ni jembe la siku mbili au tatu. Nilipompigia mama hesabu kwa magunia alielewa upesi zaidi: kwa ile bei ya 4,000 ambayo Bodi ya Nafaka ilinunulia gunia la kilo 90 mwishoni mwa 2023, ndege ilikuwa inamtaka magunia karibu matatu juu ya yale ambayo angelipa kwa basi na treni. Magunia matatu ni chakula cha nyumba yake kwa miezi.

Kwa kijana mwenye afya, anayerudi chuoni Mombasa na begi moja, hesabu imeisha hapo. Alale kwenye basi, apande treni, na zile 11,700 zimlipie chumba. Namwambia hivyo nikiwa nimepanda vyote.

Ila lipo jambo ambalo nauli haisemi. Basi la usiku kutoka huku hupita Timboroa, Mau Summit, Salgaa, mteremko ambao kila dereva wa masafa anaujua kwa jina. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa. Baada ya hapo serikali ilisimamisha kwa muda safari za usiku za mabasi ya masafa. Baadaye zilirudi, na ujenzi wa kuipanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa mwishoni mwa 2025. Mimi binafsi, nikiwa na nafasi, huondoka Kitale asubuhi, nikalala Nairobi chumba cha 1,500, nikapanda treni kesho yake. Safari inakuwa ndefu zaidi na ghali zaidi kidogo, na naona barabara kwa macho yangu. Wengine wataniambia basi la usiku limewapeleka salama miaka ishirini. Nawaamini. Bado naondoka asubuhi.

Ukichagua ndege, chunguza mzigo kabla ya nauli. Tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi ni ya mtu na begi la mkononi la kilo saba. Begi la kupakiwa hulipiwa kando, na kulinunua siku ya safari pale dirishani ni ghali kuliko kulinunua pamoja na tiketi. Nani anatoka Kwanza na kilo saba? Mama alikuwa na unga wa wimbi, mahindi mabichi, parachichi za mti wake mwenyewe, ndizi mkungu mzima, na jogoo ambaye mama aliapa kwamba lazima afike. Tulipima: kilo arobaini na mbili bila jogoo. Kwa ndege, mzigo huo ungekula nauli ya mtu wa pili.

Suluhisho lilikuwa kumtenga mtu na mzigo wake. Mabasi hupokea vifurushi Kitale na kuvifikisha Mombasa kwa mia kadhaa kwa gunia. Mpokeaji huenda ofisini na kitambulisho na namba ya risiti. Mama akapanda ndege na begi moja dogo. Unga, mahindi na parachichi zikaenda kwa basi. Ndizi zikapunguzwa. Jogoo, baada ya mjadala mrefu, alibaki.

Kwa wazee kuna jambo jingine wengi hawalijui: kiti cha magurudumu kwenye uwanja wa ndege hakilipiwi. Unakiomba unaponunua tiketi, na mtu anampokea mzee mlangoni, anampitisha kwenye ukaguzi, anamfikisha kwenye ndege, na kule Nairobi mwingine anamvusha hadi ndege ya pili. Mama alikataa kwanza, akisema yeye si kiwete. Nilimwambia si cha kiwete, ni cha mgeni asiyejua njia. Hapo alikubali.

Msimu nao una upande. Kuanzia katikati ya Desemba, watu wa Nairobi wanapanda kuja nyumbani, na nauli ya Nairobi hadi Kitale inaweza kuongezeka maradufu. Anayetoka Kitale kwenda Nairobi siku hizo anakwenda kinyume cha mkondo, na mara nyingi atapata kiti kwa bei ya kawaida. Mwezi wa Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, mkondo unageuka. Pwani haifuati mkondo huo: treni na ndege za Mombasa hujaa Desemba yote, kwenda na kurudi. Kama shughuli yako inaweza kungoja hadi mwisho wa Januari, iache ingoje. Vivyo hivyo Jumanne na Jumatano hushinda Ijumaa, na ndege ya adhuhuri huwa nafuu kuliko ya asubuhi ambayo wenye mikutano huigombania.

Wasomaji wa Bungoma wataniuliza kuhusu Kisumu. Kwao ni swali la haki. Kutoka Bungoma mjini kupitia Webuye na Kakamega ni kilomita kama 115 hadi Kisumu, na Eldoret haipishani nayo sana, lakini Kisumu ina ndege nyingi zaidi kwa siku na kampuni zaidi ya moja zinazoshindania abiria yule yule. Mtu wa Bungoma aanze kuulizia Kisumu. Mtu wa Kwanza asijisumbue. Atapita Webuye na Kakamega yote kwa faida ya nauli ambayo matatu zitaila.

Nimalizie na wale wanaokwenda mbali zaidi, maana vijana wengi wa Kwanza siku hizi wanaulizia Doha, Dubai, Jeddah na Muscat. Nairobi hadi Doha ni kama kilomita 3,350 na mwendo wa saa tano. Dubai na Muscat zinakaribia 3,600. Sasa angalia: kutoka Kitale hadi Nairobi kwa basi ni kilomita 380 na saa nane. Sehemu ndogo kabisa ya safari ndiyo inayokula muda mwingi zaidi, na ndiyo inayoweza kukukosesha ndege ya laki moja.

Makosa makubwa niliyoyaona hapa ni ya saa. Tiketi ya kimataifa huandikwa kwa saa ishirini na nne. Ikiandikwa 01:10 tarehe 13, hiyo ni saa saba na dakika kumi usiku, na usiku wenyewe ni ule unaoanza jioni ya tarehe 12. Msichana mmoja wa kwetu alijiandaa vizuri, akaagwa, akaombewa, akapanda basi la asubuhi tarehe 13. Ndege yake ilikuwa imeshatua Ghuba zamani. Kwa tiketi ya aina hiyo unatakiwa uwe uwanjani saa nne usiku wa tarehe 12, kwa hiyo kutoka Kwanza uondoke tarehe 11, ulale Nairobi, umalize tarehe 12 ukiwa umepumzika. Chumba cha usiku mmoja ni cha bei ndogo ukikilinganisha na tiketi iliyoungua. Kumbuka pia kwamba Doha na Jeddah saa zao ni sawa na zetu, lakini Dubai na Muscat wako mbele kwa saa moja. Muda wa kufika ulioandikwa ni wa kule.

Na kuna wanaoambiwa wapitie Entebbe. Kwa ramani si wazo baya: Kitale hadi Entebbe ni chini ya kilomita 300 kwa mstari, karibu zaidi kuliko Nairobi, na kwa barabara kupitia Bungoma, Malaba, Jinja na Kampala inalingana na safari ya Nairobi. Mkenya huvuka na kitambulisho chake. Kwa mtalii au anayemtembelea ndugu, linganisha nauli tu. Malaba na foleni yake ya malori uiwekee saa mbili za ziada. Lakini kama unakwenda kufanya kazi, na wakala ndiye anayekusukuma Entebbe, simama. Muulize kwa nini hataki upitie Nairobi, ambako mkataba na kibali chako vitatazamwa. Wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira hana sababu ya kuogopa Jomo Kenyatta. Nauli ya elfu chache iliyookolewa Malaba imewahi kumwacha mtu wa kwetu ugenini bila karatasi yoyote inayoonyesha alitokaje nchini.

Mama aliondoka Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, kwa gari la jirani hadi Kitale na matatu ya mbele kwenda Eldoret, mimi nikiwa kando yake hadi pale ukaguzi unapomkataza asiye na tiketi. Ndege iliruka saa tatu na nusu. Saa tisa kasorobo alasiri simu ikalia. Alikuwa Magongo, mlangoni kwa mwanawe, na mtoto mkononi, nilimsikia akipumua.

"Nimefika," alisema. "Ile ya kwanza sikuiona hata, walinipa maji nikafumba macho. Ya pili niliona bahari." Halafu akauliza kama unga umeshatoka Kitale.

Ulifika Alhamisi.